Herufi yenye mwili: uandishi wa bembea za Uingereza

Kwenye bembea za farasi za Uingereza, zile za kuzunguka zenye farasi wa mbao wa kupandwa, zinazofunguliwa, kupakiwa kwenye magari na kusimikwa upya mji mwingine, jina la mwenye mali huandikwa juu kabisa, kwenye mbao zinazozunguka paa. Ubao wenyewe ni bapa, lakini herufi zake huonekana kama zimechongwa na kubandikwa. Hiyo ndiyo herufi yenye mwili: ina uso, unene, kivuli, mstari wa ukingoni na mng'ao, na kila kimoja hupakwa kwa zamu yake.

Karne ya 19, kiwanda cha Frederick Savage huko King's Lynn kilipokuwa kikijenga bembea za mvuke, fahari kubwa ilikuwa kwenye mbao zilizochongwa kwa patasi. Uchongaji ni ghali, na nakshi zilizojitokeza huvunjika kila zinapopakiwa. Baadaye zikashika kasi bembea zenye mbao nyingi bapa, na brashi ikachukua kazi ya patasi. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, mafundi wa rangi Fred Fowle na mwenzake Billy Hall, wa kusini mwa London, waliufikisha mtindo huo mbali kuliko wengi: herufi nene, mapambo yaliyojikunja, na rangi zinazoyeyukiana kutoka nyekundu iliyoiva hadi njano.

Kazi huanza kwenye ubao wenyewe. Vifundo vya mti huzibwa kwa sheleki, aina ya vanishi, ili utomvu usipenye, kisha hufuata prima (rangi ya kwanza inayoshika mti), halafu rangi ya chini, na mikono miwili ya rangi ya mafuta inayong'aa, huku kila mkono ukipigwa msasa laini kabla ya unaofuata. Kingo za ubao nazo hupakwa, tena kwa ukarimu. Maji huingilia pale nyuzi za mti zilipokatwa, na rangi huanza kubanduka kutokea hapo hata kama uso wa ubao ni mzima.

Mistari ya kuongoza hupigwa kwa uzi uliopakwa chaki: unavutwa ukakaza, unanyanyuliwa katikati na kuachiwa. Herufi za duara kama O, C na S huchorwa zikipita mstari kidogo juu na chini, la sivyo zitaonekana fupi kuliko jirani zake. Nafasi kati ya herufi hupimwa kwa jicho. Rula ikizipa A na V nafasi ile ile ya H na N, neno litaonekana limekatika. Tena mbao za paa huja vipande vipande, kwa hiyo jina hugawanywa mapema ili herufi isiangukie kwenye maungio. Ikiangukia hapo, kila ubao unapofungwa mbali kidogo herufi inapasuka katikati.

Uso wa herufi za kifahari ni dhahabu halisi, inayouzwa kwa vijitabu vya karatasi 25 nyembamba mno. Kazi ya nje hufanywa kwa ile iliyoshikizwa kwenye karatasi laini, maana upepo kidogo tu huipeperusha iliyo huru. Kwanza ubao hupanguswa kwa unga wa chokaa laini ili dhahabu isinate pasipotakiwa. Kisha herufi hupakwa gundi ya mafuta, na hapo ndipo wengi huharibu. Gundi ikiwa bado mbichi, dhahabu huzama na kufifia. Ikikauka kupita kiasi, haishiki na huacha mapengo. Wakati wake ni pale kifundo cha kidole kinachogusishwa kwenye gundi kinaposhikwa kidogo, kikatoa sauti, na kisitoke na unyevu wowote.

Badala ya dhahabu, karatasi ya alumini hutumika sana. Juu yake hupakwa rangi angavu zinazopitisha mwanga, nyekundu, kijani au buluu, na mwanga wa taa ukipenya na kurudishwa na alumini, herufi inawaka. Ila mkwaruzo wowote wa chini huonekana, na nyekundu ya aina hiyo ndiyo hupauka upesi juani.

Kivuli ndicho chenye uzito kuliko yote. Desturi ya Uingereza ni kuchukulia kwamba mwanga unatoka juu kulia, hivyo unene hushuka kushoto na chini kwa nyuzi 45. Si mapenzi tu. Itazame E: kushoto ina mgongo mmoja ulionyooka, kulia ina ncha tatu. Unene wa kulia ungedai vipande vingi vidogo, na kila kipande ni nafasi ya kukosea. Upande wa chini hutiwa giza zaidi kuliko wa kushoto. Fundi akibadilisha pembe hata kwenye herufi moja, neno zima linayumba, na mtazamaji huliona hilo hata asipojua sababu.

Brashi ni ya nywele ndefu na laini, yenye ncha bapa, ili ibebe rangi ya kutosha mvuto mmoja bila kusimama. Mkono huegemezwa kwenye fimbo yenye kichwa cha ngozi. Rangi nzito huburuta na kuacha matuta. Iliyozidishwa tapentaini hutiririka na kuonyesha ya chini.

Mwisho ni mstari mwembamba wa ukingoni, michirizi ya nyeupe kwenye kona za juu kulia, kisha vanishi. Vanishi hupunguza mng'ao wa dhahabu kidogo, lakini mbao hizi hushikwa na kusuguana kila zinapohamishwa, na ni afadhali ichubuke vanishi kuliko dhahabu. Vanishi za zamani za mafuta hugeuka manjano, na buluu iliyo chini yake huonekana kijani. Anayekarabati asafishe kwanza sehemu ndogo ya pembeni kabla hajachanganya rangi ya kufananisha.