Graniti si madini

Mwezi uliopita mpwa wangu wa kidato cha kwanza alisimama kando ya ziwa pale Mwanza, akalinyooshea kidole lile Jiwe la Bismarck, akanena kwa uhakika wa mtu aliyetoka darasani: "Mjomba, yale ni madini ya graniti." Nikanyamaza. Siku chache baadaye nikasikia redioni "madini ya kokoto". Sasa sinyamazi.

Maana yenyewe ni fupi. Madini ni kitu yabisi kilichojiunda katika maumbile, kisichotokana na mimea wala wanyama, chenye kemikali zinazojulikana na atomi zilizojipanga kwa mpangilio unaojirudia. Mwamba ni mkusanyiko wa madini, mara nyingi ya aina kadhaa. Jiwe ni kipande cha mwamba. Basi.

Kwa hiyo graniti ni mwamba. Okota kipande chake ukitazame juani: punje za kijivu zinazofanana na kioo ni kwatzi, zile nyeupe au za waridi ni feldspa, na vigamba vinavyometameta ni mika. Hayo ndiyo madini. Kuiita graniti madini ni kuliita pilau kiungo.

Lililotuchanganya ni neno lenyewe. Limetoka katika Kiarabu, ma'din, na mzizi wake una maana ya kukaa mahali, kutulia. Ndio huohuo uliomo katika Jannatu Adn, bustani za makazi ya milele. (Wanaoliunganisha na mji wa Madina wameukosa mzizi.) Kwa asili ma'din ni mahali kitu kilipotulia ardhini, yaani machimbo, kisha jina likahamia kwenye kile kinachotolewa humo. Limetufikia likiwa na vumbi la shimoni, na halijawahi kukung'utwa.

Kisha Kiswahili nacho kikaongeza lake. Ile ma- ya Kiarabu si ya wingi. Ukiitoa unabaki na dini, ambayo ni habari nyingine kabisa. Lakini masikio yetu yaliisikia kama ma- ya mawe na majani, tukaipatanisha hivyo: madini haya, madini yetu. Nadhani hapo ndipo mtu alipoanza kusikia rundo, mzigo wa lori, badala ya kitu kimoja chenye fomula yake. Kwatzi ni madini. Moja tu.

Na kwa kuwa neno lilitoka machimboni, wengi hulisikia pamoja na bei. Hata vijana wakimsifu mzungumzaji husema ametema madini. Mimi sina ugomvi na sifa hiyo, ila jiolojia haiulizi bei. Chumvi inayoganda yenyewe kwenye madimbwi ya pwani jua likiwaka ni madini. Magadi yanayofunika Ziwa Magadi kule Kenya ni madini. Barafu ya Kibo nayo ni madini, mpaka itakapoyeyuka, maana maji hayana huo mpangilio wa atomi. Tanzanaiti ya Mirerani ni madini pia, aina ya zoisaiti yenye vanadiamu kidogo inayoipa ubuluu wake. Uzuri wake ni wa sonara. Makaa ya mawe, pamoja na thamani yake yote, yanabaki nje: ni mimea ya kale iliyofukiwa na kugandamizwa.

Hapa kuna anayetaka kunisomea sheria. Kweli, sheria ya Tanzania inayaweka makaa katika madini ya nishati, na mchanga na kokoto katika madini ya ujenzi. Sheria inapanga leseni na mrabaha, nayo ina haki ya kugawa mafungu yake. Mtangazaji wangu wa kokoto huenda alikuwa anasema kisheria, na kwa hilo namwomba radhi nusu. Wa lishe nao wana madini yao, ya chuma na kalsiamu, ambayo kwa mkemia ni elementi.

Wachimbaji wadogo wa Geita ndio ninaowaonea wivu. Mawe yenye dhahabu ya kupeleka karasha, mashine ya kusaga mawe, wanayaita mbale. Mawe taka ya mgodi mkubwa ni magwangala. Dhahabu ni dhahabu. Kila kitu kina jina lake, na hakuna aliyewafundisha kwa ubao na chaki.

Mpwa wangu nilimpigia simu baadaye, na sikumwambia kwamba alikosea kabisa, kwa sababu madini yalikuwamo mle, tena matatu. Nilimwambia akirudi ziwani aseme "mwamba wa graniti". Akiokota kipande, kikamng'aria mkononi, hapo ndipo aulize ni madini gani.