Nosferatu: Jeneza Kwapani, Jua Utosini

Kuna mahali katika Nosferatu, filamu bubu ya Kijerumani ya mwaka 1922, ambapo kabaila Orlok, mnyonya damu, anakatiza mjini amekumbatia jeneza lake mwenyewe, kama mpangaji anayehama usiku bila kumuaga mwenye nyumba. Shida ni kwamba katika nakala nyingi zinazozagaa intaneti, huo usiku hauonekani. Jua linawaka, vivuli vimelala chini wazi kabisa. Halafu mwisho wa filamu jamaa huyohuyo anayeyuka kuwa moshi kwa sababu jua limechomoza. Watu wanacheka: hawa walisahau hadithi yao wenyewe!

Hawakusahau. Waliosahau ni walionakili. Na si hilo tu linalosemwa vibaya kuhusu filamu hii; tuyapitie moja moja.

“Ni filamu ya rangi nyeusi na nyeupe.”
Tuanze hapa, maana makosa mengine mengi yametokana na hili. Kanda za enzi hizo zilihitaji mwanga mwingi sana, na kupiga picha nje usiku ilikuwa kazi karibu isiyowezekana. Kwa hiyo mwongozaji F. W. Murnau na mpiga picha wake, Fritz Arno Wagner, walipiga matukio ya usiku mchana, kisha vipande vya kanda vikatiwa rangi: buluu kwa usiku, manjano kwa ndani ya nyumba, waridi kwa alfajiri. Mtazamaji wa Berlin akiona buluu alijua ni usiku, hahitaji kuambiwa. Miaka ikapita, watu wakanakili nakala za nakala bila kujali rangi, buluu ikapotea, na Orlok akabaki anatembea juani na jeneza lake. Nakala ya 1922 yenye rangi zake ilikuwa imehifadhiwa Ufaransa, na ndiyo iliyotumika kuirekebisha filamu. Ukiwa na nafasi ya kuchagua, tafuta hiyo yenye rangi. Nyingine ni kama kula pilau isiyo na bizari.

“Tangu zamani mnyonya damu huuawa na jua.”
Katika riwaya ya Bram Stoker ya 1897, ambayo ndiyo filamu hii imejengwa juu yake, Dracula anatembea London mchana bila wasiwasi. Nguvu zake hupungua tu. Anakufa kwa visu viwili, kimoja kooni, kingine moyoni, jua likiwa linazama. Hilo la kuunguzwa na mwanga hadi kutoweka liliingia kwa Nosferatu, na sinema zilizofuata zikalichukua kama desturi ya mababu. Yaani sheria ambayo kila mtoto anaijua leo ina umri wa miaka mia na kidogo tu.

“Walibadilisha majina ili kuficha wizi.”
Majina yalibadilishwa kweli: Dracula akawa Orlok, Harker, kijana anayesafiri hadi ngomeni kwake, akawa Hutter, London ikawa mji wa kubuni uitwao Wisborg. Lakini maandishi ya mwanzo ya filamu yenyewe yalisema waziwazi kwamba imetokana na riwaya ya Stoker! Mwizi gani anaacha jina la mwenye mali mlangoni? Walichokosa ni ruhusa. Kampuni ya Prana-Film, ambayo msanii Albin Grau alikuwa mmoja wa waanzilishi wake, haikuwahi kununua haki za riwaya. Mjane wa Stoker, Florence, akaishtaki. Prana ilikuwa imeshafilisika, hii ikiwa filamu yake ya kwanza na ya mwisho, kwa hiyo hapakuwa na hela ya kumlipa. Akadai filamu iteketezwe, na mwaka 1925 mahakama ya Ujerumani ikakubali.

“Ilisalimika nakala moja tu.”
Hadithi tamu, ila si kweli. Nakala zilikuwa zimeshavuka mipaka, na hukumu ya Ujerumani haikuzifikia zote. Zilizosalimika zilikuwa kadhaa, kila moja na majeraha yake: hii imekatwa, ile imeandikwa upya. Huko Marekani Orlok alirudishiwa jina la Dracula, ndiyo maana hata leo unaweza kukuta watu wawili wanabishana kuhusu jina la mhusika na wote wameliona kwa macho yao. Unachotazama leo kimeshonwa kutokana na viraka hivyo.

“Max Schreck alikuwa mnyonya damu kweli.”
Schreck ndiye aliyecheza Orlok. Filamu ya mwaka 2000, ambamo Willem Dafoe anamwigiza Schreck, ndiyo iliyolikoleza hili, kwa utani. Jina nalo lilisaidia, kwa kuwa “Schreck” kwa Kijerumani ni hofu ya ghafla, na wengi walidhani limebuniwa. Lilikuwa la kwake. Alizaliwa Berlin 1879, akafanya kazi za jukwaani miaka mingi, ikiwemo chini ya mwongozaji maarufu wa tamthilia Max Reinhardt, akaoa mwigizaji mwenzake, akafariki Munich 1936. Waliokulia kwenye hofu ya mumiani watagundua kitu: mumiani wetu alikuwa mtu hai aliyetumwa damu. Schreck alicheza mfu aliyeamka na njaa, na meno yake yamekaa mbele katikati, kama ya panya. Si bahati mbaya: panya wanamiminika kutoka melini mwake, na nyuma yao tauni.

“Ilipigwa Transylvania.”
Hadithi ndiyo inayomweka Orlok Transylvania, huko Romania; ngome inayoonekana ni ya Orava, nchini Slovakia. Mji ni Wismar na Lübeck, kaskazini mwa Ujerumani. Lile jumba bovu analonunua Orlok ni maghala ya chumvi ya Lübeck, na bado yamesimama kando ya mto.

Kuhusu “filamu bubu ilitazamwa kimya”, nitasema kwa ufupi: Hans Erdmann aliitungia muziki wa okestra, na ulipigwa usiku wa uzinduzi, tarehe 4 Machi 1922, katika ukumbi wa bustani ya wanyama ya Berlin.

Na kwa kuwa tumefika bustani ya wanyama, nimalizie na ninalolipenda kuliko yote.

“Yule mnyama ni mbwamwitu.”
Hutter akiwa njiani, wenye nyumba ya wageni wanamwonya asiendelee na safari, kuna mtu-mbwamwitu anarandaranda. Mara picha inahamia nje. Farasi wanatimka, vikongwe wanakumbatiana, na mnyama anatokea kilimani. Mtazame vizuri: mgongo umeshuka nyuma, milia ubavuni, manyoya yamesimama shingoni. Ni fisi. Fisi mwenye milia, jamaa wa wale wa Kenya na kaskazini mwa Tanzania, akijitembeza mbele ya kamera kama mbwamwitu wa Ulaya. Wachambuzi wengine wanalihesabu kuwa kichekesho cha filamu. Lakini mwonyeshe kipande hicho bibi wa Usukumani, bila maandishi, na atakuuliza tu mchawi aliyempanda kashukia wapi.