Taamuli ya Wabuddha: kila zoezi lina ugonjwa wake

Baada ya mhadhara wetu wa dini za Asia hapa Kigoma, mama mmoja anayeuza dagaa Kibirizi alinisubiri mlangoni. "Mwalimu, wale Wabuddha wanaokaa wamekunja miguu na kufumba macho, wanamwomba nani? Na wakishatulia, wanaona nini?" Muda haukutosha siku ile, nami sikutaka kumjibu juu juu.

Kwa sehemu kubwa hawaombi. Wapo wanaoliita jina la Buddha Amitabha, hasa China na Japani, lakini taamuli ninayoieleza hapa ni kazi anayoifanya mtu juu ya akili yake mwenyewe. Kwa Kipali, lugha ya maandiko yao ya kale, huitwa bhavana, yaani kukuza, kustawisha. Ni neno ambalo mkulima analielewa upesi: akili ni shamba, lina magugu na lina mbegu, na mwenye shamba ndiye wa kushika jembe.

Wengi hudhani zoezi ni moja tu, la kukaa kimya. Mazoezi ni mengi. Buddhaghosa, mtawa msomi aliyeandika Sri Lanka katika karne ya 5, alitaja mada 40 za taamuli na kueleza ipi inamfaa mtu wa tabia gani. Ila mwanga mkubwa zaidi ninaupata katika kisa kimoja cha zamani kuliko hapo.

Mtawa aitwaye Meghiya, aliyekuwa akimhudumia Buddha mwenyewe, mwanzilishi wa dini hii, aliona shamba la miembe kando ya mto. Palimvutia. Aliyewahi kupumzika chini ya miembe ya Ujiji wakati wa jua kali atamwelewa. Akaomba ruhusa aende kufanya taamuli pale. Buddha akamwambia asubiri kwanza. Akaomba hadi mara ya tatu, akaruhusiwa. Alipoketi tu kivulini, akavamiwa na mawazo ya tamaa, ya chuki na ya kudhuru. Akarudi ameduwaa. Buddha akamweleza kwamba kabla ya yote mtu anahitaji rafiki mwema na mwenendo safi, kisha akamtajia mazoezi manne, kila moja na shabaha yake.

Kwa tamaa ya mwili, aangalie upande wa mwili usiopendeza: nywele, kucha, meno, ngozi, hata maiti inayooza. Hii ni dawa kali. Maandiko yenyewe yanasimulia kwamba huko Vesali, mji wa India ya kale, watawa waliizidisha hadi baadhi yao wakajiua, na Buddha akawafundisha waliobaki kufuata pumzi. Ndiyo maana siwashauri watu kuokota zoezi lolote kwenye simu bila mwalimu. Na mwenye sonona nzito aende kwanza hospitali.

Kwa chuki kuna metta, kutakia heri. Mtu huanza kujitakia heri mwenyewe, akaenda kwa anayemheshimu, kwa asiyempenda wala kumchukia, mwisho kwa adui. Shairi la kale linautaka moyo huo ufanane na wa mama anayemlinda mwanawe wa pekee kwa uhai wake. Mimi nadhani hili ni gumu kuliko yote, maana pumzi haijawahi kumkosea mtu, lakini jirani amewahi.

Kwa mawazo yanayorukaruka kuna pumzi. Hailazimishwi wala haizuiliwi. Ikiingia ndefu, mtu anajua ni ndefu. Ikiwa fupi, anajua ni fupi. Buddha aliifananisha akili na nyani anayeachia tawi hili na kudaka lile, na sisi tulio jirani na Gombe hatuhitaji kuelezwa zaidi. Akili ikitoroka, inarudishwa bila kugombezwa, hata mara mia. Sehemu ya mazoezi haya ndiyo mwanasayansi Jon Kabat-Zinn aliyoipeleka hospitalini mwaka 1979, huko Massachusetts, Marekani, kuwasaidia wenye maumivu sugu na msongo wa mawazo. Imewafaa wengi, ila lengo pale ni nafuu ya mgonjwa. Mtawa analenga mbali zaidi: nibbana, kuzimika kwa tamaa, chuki na ujinga.

La nne ni kutazama jinsi kila kitu kinavyopita, ili kung'oa majivuno ya "mimi". Hapa naweza kujibu swali la pili la yule mama.

Wabuddha hutofautisha utulivu, samatha, na kuona kwa undani, vipassana. Maandiko yanatoa mfano wa ziwa milimani, maji yake maangavu yasiyotibuliwa, na mtu mwenye macho amesimama ufukoni. Anaona makombe ya konokono, changarawe, na samaki wakipita au wakitulia. Mama, wewe unalijua Tanganyika linavyokuwa asubuhi kabla ya upepo: mawe ya chini yanahesabika. Yalikuwapo hata jana wimbi lilipochafuka. Hivyo ndivyo wanavyosema juu ya akili iliyotulia. Mtu anaiona pumzi iliyoingia ikiwa imekwisha kutoka, na hasira iliyowaka asubuhi ikiwa imekwisha kupoa. Kisha anamtafuta yule "mimi" aliyedhani ndiye mwenye hayo yote, na anachokuta ni vitu vinavyopita.