Hicho cha Vassanji ni kitabu cha Kanada

Wiki iliyopita kaka mmoja alikuja maktaba ninapofanya kazi, hapa Toronto, akaweka kitabu mezani. Alama yake ya karatasi ilikuwa haijafika hata ukurasa wa hamsini. "Dada, hiki umenipa kimakosa. Nilitaka cha Kanada, hiki ni cha kwetu." Kilikuwa The Book of Secrets cha M.G. Vassanji. Mwaka huu ni mtu wa nne kuniambia hivyo, na nimechoka kulijibu jambo hili mmoja mmoja.

Shindano letu la kusoma mnalijua: vitabu 13 vya Kanada, kimoja kwa kila moja ya majimbo yake 10 na maeneo yake 3 ya kaskazini, kuanzia Julai 1 hadi Julai 1 nyingine.

Sasa huyo Vassanji. Kazaliwa Nairobi mwaka 1950, kakulia Dar es Salaam, kaja Kanada mwaka 1978. Riwaya yenyewe inazunguka daftari la afisa wa Kiingereza la mwaka 1913, lililokuja kuonekana Dar mwaka 1988 na kuishia mikononi mwa mwalimu mstaafu. Theluji humo huioni. Na ndiyo iliyopata Tuzo ya Giller, tuzo kubwa ya Kanada ya riwaya na hadithi fupi, mwaka 1994, mara ya kwanza kabisa tuzo hiyo kutolewa. Mwaka uliofuata akaichukua Rohinton Mistry, kwa riwaya ya India. Masharti ya tuzo hiyo yanataka mwandishi awe raia au mkaazi wa kudumu, na kitabu kiwe kimechapishwa Kanada. Hadithi imetokea wapi, hawaulizi. Kwa nini tuulize sisi? Kinachoniuma ni kwamba wanaokikataa ni watu wetu wenyewe, wenye pasipoti za Kanada mfukoni, wanaoamini kwamba hadithi ya Dar haiwezi kuwa ya hapa.

Ugumu wa kweli uko kwenye kukigawia jimbo. Wengi hutazama mwandishi kazaliwa wapi, na hapo ndipo orodha inapoharibika. Mwandishi Gabrielle Roy kazaliwa Saint-Boniface, Manitoba, lakini riwaya yake Bonheur d'occasion, ya mwaka 1945, ni Saint-Henri tupu, mtaa wa makabwela wa Montréal, jimbo la Québec. Ukiiandika Manitoba umemdanganya nani? Mimi hufuata mahali pa hadithi. Hadithi ikiwa nje ya Kanada, hufuata mahali mwandishi alipokuwa akiishi alipoiandika. Vassanji, aliyekuwa akiishi Toronto, basi ni Ontario. (Wasomaji wa Kongo na Burundi, Roy msomeni kwa Kifaransa chake, msipoteze bahati hiyo.)

Kanuni hiyo nayo hunikwamisha. Malcolm Lowry, Mwingereza, aliishi kibandani Dollarton, British Columbia, akiiandika upya Under the Volcano, riwaya yake ya Meksiko. Nimemwingiza, nikamtoa, nikamwingiza tena. Halafu kuna Sanaaq ya Mitiarjuk Nappaaluk, iliyoandikwa kwa Kiinuktitut, lugha ya Wainuit. Ni ya Nunavik, nchi ya Wainuit, na Nunavik kwenye ramani ni Québec, si Nunavut, mojawapo ya yale maeneo matatu ya kaskazini. Nimeiandika Québec kwa penseli na bado siridhiki, maana mipaka hiyo hawakuichora Wainuit.

Mengine ni mepesi. Ontario msiipe nusu ya orodha kwa sababu tu ya waandishi wake maarufu, Alice Munro na Margaret Atwood. Vitabu vya kaskazini viombeni mapema, nakala ni chache. Riwaya nene ziwekeni Januari, hadithi fupi ziwe za safari za basi. Na msigawe kitabu kimoja kila mwezi kama dozi. Mwezi mgumu ukija, mtakata tamaa Novemba.

Kitabu cha yule kaka sijakirudisha rafuni. Nimekifunga kikaratasi chenye jina lake, na alama yake nimeiacha palepale alipoishia. Atakikuta hadi Jumamosi.