Embe likichumwa bado lapumua

Wauzaji wa soko la Kongowea hapa Mombasa huniuliza wapake maembe dawa gani ili yakae, na jibu langu huwa lilelile, kabla ya dawa angalia joto kwanza. Embe likishachumwa halijafa, linaendelea kupumua na kumaliza sukari yake lenyewe, na joto likipanda nyuzi 10 za Selsiasi ile kasi ya kupumua inazidi mara 2 hadi 3, sasa fikiria maembe ya aina ya ngowe yameshindiliwa kwenye magunia juu ya lori, jua la saa saba, kutoka Malindi mpaka huku, yaani siku zake za kukaa mezani zishaliwa njiani.

Kwa hivyo chuma asubuhi mapema, na kikonyo chake. Ukija kukikata liinamishe embe utomvu udondoke chini, maana utomvu huo ukigusa ganda unaliunguza. Kisha kivulini, kwenye kreti.

Sasa vile vibanda vya kupozea matunda, vyenye kuta za mkaa unaomwagiwa maji, navyo vinasifiwa sana. Kule bara, Makueni, vinafaa kweli, hewa ya kule kavu, maji yanakauka haraka na yakikauka yanaondoka na joto. Lakini sisi hapa Mombasa hewa imejaa unyevu karibu mwaka mzima, maji hayakauki upesi, baridi unayopata ni kidogo mno. Inaniuma sana mkulima wa pwani akishauriwa kumwaga pesa zake hapo, heri anunue kreti na turubai la kivuli.

Na friji je? Embe bichi usilishushe chini ya nyuzi 13 hivi, baridi inaliumiza, ganda linafanya madoa ya kijivu na ukilitoa haliivi sawasawa wala halina ladha. Kwenye nyuzi 13 zenyewe bichi lililokomaa linaweza kukaa wiki 2 hadi 3. Lililokwisha kuiva, tia friji tu siku chache.

Yale madoa meusi yanayotokea embe likiiva ni ukungu uliolivamia likiwa bado shambani, ukajificha. Dawa yake ninayoipenda ni maji moto, nyuzi 52 kwa dakika 5, tena kwa kipimajoto, usikisie kwa mkono, yakizidi 55 unalipika. Ukitoa lipoze kwa maji safi, likauke, ndio upange.

Na tafadhali usiyalaze na ndizi mbivu, zinatoa gesi ya ethilini na maembe yote yataiva kwa mpigo kabla hujapata wateja.