Sanaa ya kioo cha karakana haikuanza na Chihuly

Wengi humtaja Dale Chihuly, msanii wa kioo wa Marekani, kama mwanzilishi wa sanaa ya kioo cha karakana, yaani kioo anachoyeyusha na kukipuliza msanii mwenyewe, nje ya kiwanda. Sivyo. Alijifunza kwa Harvey Littleton huko Wisconsin miaka ya 1960, na shule ya sanaa ya kioo ya Pilchuck aliyoshiriki kuianzisha ni ya 1971.

Chimbuko ni warsha ya Machi 1962, katika banda la Jumba la Makumbusho ya Sanaa la Toledo, Ohio. Swali la Littleton, mfinyanzi, lilikuwa: je, msanii anaweza kuyeyusha na kupuliza kioo peke yake, nje ya kiwanda? Mchanganyiko wa kwanza wa kioo ulishindikana, haukupulizika. Aliyeokoa kazi ni Dominick Labino, mtafiti wa kiwanda cha nyuzi za kioo, ambaye kwa maoni yetu hatajwi inavyostahili. Alishauri tanuru ligeuzwe kuwa tangi dogo, kisha zitiwe gololi za kioo namba 475 zilizotengenezwa kwa ajili ya nyuzi hizo. Ziliyeyuka kwa joto la chini na kutoa kioo kilichoweza kupulizwa. Harvey Leafgreen, mpulizaji mstaafu wa kiwandani, ndiye aliyewaonyesha mikono inavyofanya kazi.