Louis wa 17 Alitawala Lini? Namba za Wafalme wa Ufaransa Zisikuchanganye

Wanafunzi wengi wanaokuja hapa kitengo chetu cha elimu wanaulizaga swali lilelile: orodha ya wafalme wa Ufaransa ina Louis wa 16 aliyekatwa kichwa, halafu inarukia Louis wa 18, sasa wa 17 kaenda wapi? Swali zuri sana hilo, maana watu wanadhani namba ya mfalme ni hesabu ya waliokalia kiti, kumbe ni dai la ukoo.

Kwanza tuweke sawa jambo moja, usidhani wa 14, wa 15 na wa 16 ni baba, mtoto na mjukuu. Louis wa 14 alirithi mwaka 1643 akiwa na miaka 4 tu, akakaa miaka 72 mpaka alipofariki Septemba 1715, yaani aliishi mpaka akawazika warithi wake mwenyewe. Mwanawe alikufa kwa ndui 1711, mwaka uliofuata surua ikaingia kwenye familia ikamchukua mjukuu pamoja na mkewe, na wiki chache baadaye kitukuu mkubwa wa miaka 5 naye akaondoka, huku madaktari wakimtoa damu eti ndiyo tiba. Akabaki mdogo wake wa miaka 2, naye hoi kitandani. Mlezi wake, Madame de Ventadour, akajifungia naye chumbani akakataa katakata daktari yeyote asimguse, na mtoto akapona! Huyo ndiye Louis wa 15. Alikufa Mei 1774 na yeye akarithiwa na mjukuu, kwa sababu mwanawe alishatangulia 1765. Kwa hiyo miaka 131 nzima Ufaransa ilikuwa na wafalme wawili tu.

Louis wa 16 habari zake zinajulikana, mapinduzi ya 1789, jamhuri 1792, kisha kukatwa kichwa kwa gilotini tarehe 21 Januari 1793. Mwanawe Louis-Charles alikuwa na miaka 7, yuko kifungoni kwenye mnara wa Temple pale Paris. Sheria ya ukoo wao inasema mfalme akifa mrithi ni mfalme hapohapo, hangoji kuvikwa taji, hivyo waliobaki upande wa ufalme wakamhesabu kuwa Louis wa 17 ingawa hakutawala hata siku moja. Alifia mlemle tarehe 8 Juni 1795, miaka 10.

Baba yake mdogo aliyekuwa uhamishoni akajiita wa 18. Aliporudi 1814 akatoa katiba, na tarehe aliyoandika mwishoni ilisema ni mwaka wa 19 wa utawala wake, piga hesabu kurudi nyuma unaangukia 1795 uleule, kana kwamba jamhuri na Napoleon havikuwepo kabisa.

Louis wa 17 mwenyewe, maiti yake ilipopasuliwa, daktari Pelletan aliuchukua moyo wake kwa siri akauhifadhi kwenye pombe kali. Mwaka 2000 ukapimwa DNA na kulinganishwa na nywele za mama yake, Marie Antoinette, ikaonekana ni wa ukoo wa mama huyo. Ukazikwa kanisa la Saint-Denis, walipo wazazi wake, tarehe 8 Juni 2004, miaka 209 kamili tangu afe.